Hesabu ya Boila Hupigwa Kiangazi

Saa moja na robo usiku, katikati ya Januari, simu iliita nikiwa mlangoni navua viatu vya kazi yangu ya ufundi wa gesi. Alikuwa mama mmoja wa Lamu ambaye tunaishi naye mji mmoja, Leicester.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumba imekuwa barafu. Boila imezima tangu asubuhi, na hapa sebuleni nina kijana wa kampuni, ana karatasi anataka nitie sahihi. Nitie?"

Nikamwomba asitie sahihi mpaka nifike. Nilipofika kijana alikwishaondoka, ameacha karatasi mezani na onyo kwamba punguzo linakwisha usiku ule ule. Wajukuu wawili walikuwa wamejikunyata kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni. Nikaisoma karatasi nimesimama, koti sijavua. Boila mpya ya kilowati 35 pamoja na ufungaji, pauni 4,900. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: pauni 68 tu kwa mwezi. Na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: kwa miaka 10. Zidisha mwenyewe. Ni pauni 8,160.

Niliiacha karatasi nikaenda jikoni kuisikiliza boila. Kila ilipojaribu kuwaka ilikoroma, sauti ile ya mtu anayevuta maji ya mwisho ya dafu kwa mrija, kisha ikazima na kuonyesha namba ya hitilafu. Nikatoka nje na tochi. Boila za siku hizi hupoza moshi wake mpaka mvuke uliomo ugeuke maji, na maji hayo lazima yatoke. Kwa mama yule yalikuwa yakitoka kwa kibomba chembamba cha plastiki kilichotambaa ukutani upande usioona jua, mita tatu nzima, bila kuvishwa chochote. Kilikuwa kimeganda. Nikachanganya maji ya birika na ya baridi hadi yakawa vuguvugu, kwa sababu yanayochemka hupasua plastiki, nikamwagia mara tatu. Kipande cha barafu kikadondoka kwenye mtaro. Nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, boila ikawaka.

Pauni 4,900 zilikuwa zitolewe kwa kibomba kilichoganda. Lakini boila ile ilikuwa na miaka 14, na kijana wa kampuni hakukosea aliposema imezeeka. Kosa lilikuwa kumtaka mwanamke mwenye wajukuu wanaotetemeka apige hesabu ya maelfu ya pauni usiku mmoja. Nilimwambia mama: hii itakuvusha baridi. Mwezi wa tano, madirisha yakiwa wazi, tutakaa tupige hesabu. Tulikaa kweli, na hesabu ile ndiyo ninayotaka kukuonyesha, kwa kuwa wengi wetu tumenunua nyumba Uingereza bila kurithi ujuzi huu kwa mtu yeyote. Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu boila ilikuwa kitu cha kiwandani, cha kukaushia majani ya chai milimani Usambara, na joto la nyumbani lilitoka kwa Mungu bila ankara. Hapa lina ankara, na mtu asiyejua ankara imejengwaje hulipa anachoambiwa.

Anza na swali ambalo muuzaji hatakuuliza: je, boila inahitaji kubadilishwa? Boila iliyofungwa vizuri na kufanyiwa huduma kila mwaka huishi miaka 10 hadi 15, mara nyingine zaidi. Ikiharibika, mtake fundi ataje sehemu iliyokufa na bei ya kuitengeneza. Pampu au vali inayogawa maji kati ya redieta na bafu hugharimu kwa kawaida pauni 200 hadi 300 pamoja na kazi. Bodi ya umeme ni 250 hadi 400. Kibadilisha joto, ambacho ndicho moyo wa boila, chaweza kupita 500. Presha inayoshuka kila wiki mara nyingi ni jambo dogo zaidi ya hayo yote. Mimi hutumia kanuni hii: boila ikiwa imepita miaka 10 na matengenezo yanadai zaidi ya theluthi ya bei ya kubadilisha, ibadilishe. Ikiwa na miaka 6 na bodi imeungua, itengeneze. Na ukiisha kulipia matengenezo makubwa mawili ndani ya miezi 18, la tatu usilipe.

Usikubali kubadilisha kwa sababu umeahidiwa kwamba gesi utakayookoa italipia boila. Hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa, kwa hiyo twende taratibu. Mama yule alitumia kilowati-saa 13,000 za gesi kwa mwaka. Namba hiyo imo kwenye bili yako, itafute. Boila yake ya miaka 14 ilikuwa tayari ya aina inayopoza moshi, maana sheria ya England na Wales imelazimisha aina hiyo tangu Aprili 2005. Tuseme ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 85. Joto lililoingia nyumbani basi ni kilowati-saa 11,050. Boila mpya ya asilimia 91 ingetoa joto lile lile kwa kutumia gesi ya kilowati-saa 12,143. Tofauti ni 857. Kwa peni 6 kila moja, ameokoa pauni 51 kwa mwaka. Kurudisha pauni 2,700 hivi za kubadilisha boila kwa mwendo huo kungemchukua zaidi ya nusu karne. Mwenye boila kuukuu ya miaka 30, ya asilimia 68, akipiga hesabu hiyo hiyo anapata kama pauni 197 kwa mwaka, na hizo ni fedha za maana, ingawa nazo hazirudishi gharama upesi. Boila hubadilishwa kwa sababu imechoka, spea zake zimeadimika, au si salama tena. Gesi inayookolewa ni nyongeza.

Ukitaka kuokoa gesi leo bila kulipa mtu, shusha joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Boila nyingi huachwa kwenye nyuzi 75 au 80. Moshi wake hupoa vizuri na kugeuka maji pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, na yakitoka na 80 hayarudi chini ya hapo. Weka 60. Chumba kitachelewa kidogo kupata joto, lakini kitalipata. Hili ni la kombi, yaani boila ipashayo maji ya bafu papo hapo bila tangi. Wenye tangi la maji moto waulize fundi kwanza, kwa sababu maji ya tangi lazima yafike nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane.

Sasa ukubwa. Karatasi ya kijana ilitaja kilowati 35, na mama aliona kubwa ndiyo bora. Nyumba yake ni ya vyumba vitatu, imeshikana na majirani pande zote mbili. Usiku wa barafu nyumba ya namna hiyo hupoteza joto la kilowati 6 au 7, mara chache 8. Hizo ndizo inazohitaji kurudishiwa. Kombi huuzwa kwa kilowati 24, 30 au 35 kwa ajili ya maji ya kuoga, maana kuyapasha maji yanayokimbia kunadai nguvu nyingi kwa dakika chache. Kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika, yaliyopandishwa nyuzi 35. Kilowati 30 hutoa lita 12, na 35 hutoa lita 14.

Lakini boila haiwezi kutoa maji ambayo bomba la mtaani haliyaleti, na kipimo chake ni cha bure. Chukua ndoo ya lita 10. Hakikisha hakuna anayetumia maji ndani. Fungua bomba la baridi la jikoni mpaka mwisho huku umeshika saa. Ndoo ya mama ilijaa kwa sekunde 55, yaani karibu lita 11 kwa dakika. Boila ya lita 14 kwake ingekuwa kumnunulia mtu viatu vya namba asiyovaa. Ana bafu moja. Kilowati 24 zilimtosha, na tofauti ya bei kati ya 24 na 35 za kampuni moja inaweza kufika pauni 300. Mwenye mabafu mawili na watoto wakubwa wanaooga asubuhi kwa wakati mmoja ana hesabu nyingine. Pengine abaki na tangi, hata kama kila muuzaji atamsukuma kwenye kombi.

Baada ya ndoo, shika ufunguo mdogo wa redieta, ule wa kutolea hewa. Fungua kidogo redieta moja ya chini huku umekinga kitambaa cheupe. Yakitoka maji meusi kama wino, mabomba yako yamejaa tope la kutu. Pitisha na mkono redieta zikiwa na moto: ikiwa juu pana baridi, ni hewa, na itatoka hapo hapo. Ikiwa chini katikati pana baridi, ni tope. Ukifunga boila mpya kwenye maji ya namna hiyo umeiua mapema, na kampuni nyingi zilizoitengeneza zitakataa waranti zikigundua. Kwa hiyo kuosha mabomba ni sehemu ya gharama. Kuosha kwa mashine nyumba ya redieta saba au nane huchukua sehemu kubwa ya siku na kugharimu kwa kawaida pauni 300 hadi 500. Kwa mfumo usio mchafu sana, dawa na maji safi hutosha, kwa bei chini ya nusu ya hiyo. Karatasi ikiandika "kusafisha mfumo" tu, uliza: kwa mashine au kwa dawa? Kwa saa ngapi? Nimeona nyumba iliyolipia mashine ikapata chupa moja ya dawa iliyomiminwa.

Kitu kingine kinachokuja kwa mshangao siku ya kazi ni bomba la gesi. Boila za zamani za kupasha redieta peke yake zilitosheka na bomba la milimita 15. Kombi inapopasha maji ya kuoga huvuta gesi nyingi kwa mkupuo, na kanuni ni kwamba presha isipungue zaidi ya milibari 1 kati ya mita ya gesi na boila. Mara nyingi hiyo maana yake ni bomba la milimita 22 kwa sehemu kubwa ya njia. Ikiwa mita iko mlangoni na boila iko jikoni nyuma, ni mita kadhaa za shaba, mbao za sakafu za kufunua, pengine zulia. Fundi aliyekupa bei bila kwenda kuitazama mita yako hakukupa bei. Amekupa ya kukushawishi, na iliyobaki utaisikia boila ya zamani ikiwa tayari imelala bustanini na huna pa kukimbilia.

Mahali nako kuna bei. Boila mpya ikikaa pale pale ilipokuwa ya zamani, na ni ya aina ile ile, kazi huisha kwa siku moja au moja na nusu. Ukitaka ihamishwe toka jikoni hadi darini, ongeza pauni 500 hadi 1,000, kwa sababu mabomba yote huifuata, pamoja na lile la maji ya moshi ambalo lazima liwe na mteremko. Bomba la moshi linalotoka kwa kutoboa ukuta ni la bei nafuu. La kupitia paa linaongeza mamia, wakati mwingine na jukwaa la kupandia. Ukitoka kwenye mfumo wa tangi kwenda kombi, lipo tangi la kuondoa kabatini na matangi ya darini, na mabomba ya kuunganisha upya. Hizo ni siku mbili au tatu, na jumla hupanda kwa kawaida hadi kati ya pauni 3,000 na 4,500. Nyumba zilizojengwa kabla ya 2000 zinaweza kuwa na asibesto kwenye bomba la moshi la zamani au ubao ulio nyuma yake. Ikionekana, kazi husimama mpaka ipimwe. Tenga asilimia 10 ya bei kwa mambo ya namna hii, na usimwambie fundi kwamba umeitenga.

Hii hapa hesabu ya mama, kama tulivyoiandika nyuma ya bahasha mezani kwake, chai ya tangawizi ikipoa. Bei zote ni pamoja na VAT. Boila ya kilowati 24, waranti ya miaka 10, pauni 950. Bomba la moshi 90. Chujio la sumaku linalokamata kutu kabla haijafika kwenye boila, 110. Themostati mpya 130, na hiyo si anasa: tangu Aprili 2018 kombi yoyote mpya England lazima iwe na udhibiti wa saa na joto, na juu yake kifaa kimoja zaidi cha kuokoa nishati, kama themostati janja au kipimo cha hali ya hewa ya nje. Dawa ya kuzuia kutu, viungo na vikorokoro vya shaba, 120. Kupanua bomba la gesi mita sita, 250. Kuosha mabomba kwa mashine, 350. Kukihamisha kile kibomba kilichoganda ili kipite ndani hadi kwenye bomba la sinki, 90. Kengele ya kaboni monoksidi, 20. Kazi ya siku moja na nusu, 650. Jumla pauni 2,760.

Angalia vizuri. Boila yenyewe ni karibu theluthi ya fedha, hata ukiiongezea bomba lake la moshi. Theluthi mbili ni nyumba: umri wa mabomba, ilipo mita, maji yaliyomo, ukuta wa nje. Ndiyo sababu jirani akikuambia "mimi nililipa 2,000" hajakuambia kitu mpaka umeziona sakafu zake. Na ndiyo sababu utafute makadirio matatu, yote yawe ya mtu aliyefika na kutambaa chini ya sinki, na yote yaandikwe mstari kwa mstari. Mwenye kukataa kuyachambua, mshukuru umpe mkono. Wetu tumezoea kuomba kupunguziwa. Hapa ukimbana fundi kwenye jumla, atapunguza kitu usichokiona: atafuta mashine, ataacha chujio. Patana naye juu ya kilichomo ndani, kisha mlipe.

Uliza kama bei ina VAT. Fundi anayejitegemea ambaye mauzo yake hayafiki pauni 90,000 kwa mwaka si lazima aitoze, na kampuni kubwa huongeza asilimia 20. Makadirio mawili yanaweza kuonekana sawa kumbe moja halina kodi.

Waranti nayo igeuze iwe namba. Boila ya jumla ya pauni 2,200 yenye waranti ya miaka 5 inakugharimu pauni 440 kwa kila mwaka wenye kinga. Ya pauni 2,700 yenye miaka 10 ni 270. Ya pili ndiyo rahisi. Lakini waranti hiyo inashikilia kwa sharti la huduma ya kila mwaka, pauni 80 hadi 120, na usipoonyesha risiti haikusaidii. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Hakikisha pia kwamba fundi ameisajili boila kwa mtengenezaji na kujaza kitabu cha ukaguzi kinachokuja nayo kwenye boksi. Nimefika nyumba ambamo kitabu hicho kilikuwa bado kwenye nailoni yake, na boila ya miaka mitatu haikuwa na waranti.

Kuhusu kulipa. Wengi wetu tunaepuka riba kwa ajili ya dini, na wengine kwa sababu tu ya akili ya hesabu. Zile pauni 68 kwa mwezi zilikuwa na riba ya pauni 3,260 ndani yake, zaidi ya boila tuliyofunga na kazi yake yote. Ipo mikopo isiyo na riba, lakini linganisha bei yake ya taslimu na ya fundi mwingine, maana mara nyingine riba hufichwa kwenye bei. Kama boila yako imepita miaka 10 na bado inawaka, anza leo kuweka pauni 60 kila mwezi kando. Kwa miaka minne unazo 2,880. Usilipe jumla yote kabla ya kazi. Amana ya kununulia vifaa inatosha. Ukiwa na kadi ya mkopo, lipa amana kwa kadi hiyo kisha ufute deni kabla riba haijaanza: sheria ya mikopo ya mwaka 1974 humfanya mtoaji wa kadi awajibike pamoja na muuzaji, kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, hata kama kadi imelipia sehemu tu. Na ukishatia sahihi sebuleni kwako, unazo siku 14 za kughairi. Ila ukiwaruhusu waanze kazi ndani ya siku hizo, utalipia iliyokwisha kufanyika. Mama hakujua. Alidhani sahihi ni kiapo.

Nitakaa kidogo kwenye hili linalofuata. Katika jamii yetu kuna siku zote kijana mwenye mikono mizuri. Anafunga sinki, anavuta umeme, na atakufungia boila kwa pauni 400 za mkononi. Tafadhali usimwite. Kwa sheria ya Uingereza, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya orodha ya CORGI mwaka 2009. Boila iliyofungwa vibaya hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Watu huumwa kichwa, wanadhani ni mafua, wanakwenda kulala. Fundi akifika, mwambie, "Naomba nione kitambulisho." Hatachukia, mimi nafurahi nikiulizwa. Tazama picha, tazama tarehe ya mwisho, kisha geuza nyuma, kwa sababu huko ndiko yameandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Aliyeruhusiwa majiko si lazima awe ameruhusiwa boila. Namba yake waweza kuihakikisha kwenye tovuti ya orodha yenyewe kabla hajatoa spana. Na ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999, usiku au mchana.

Wewe unayepanga, hesabu hii yote si yako. Kwa sheria ya mwaka 1985, katika England, kutengeneza mfumo wa kupasha nyumba na maji ni juu ya mwenye nyumba. Tena kila mwaka lazima alete fundi akague gesi na akupe nakala ya cheti. Mwandikie, usimpigie tu, na uweke nakala.

Wengine mtauliza juu ya pampu ya joto, mashine inayovuta joto toka hewa ya nje kwa umeme. Iulizie bei kabla ya kufunga boila nyingine ya gesi itakayokaa miaka 15. England na Wales serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500, na Uskoti una mpango wake. Baada ya ruzuku mara nyingi hubaki pauni elfu kadhaa za kulipa mwenyewe, kutegemea redieta ngapi zitapanuliwa na kama kuna nafasi ya tangi. Umeme hapa ni kama mara nne ya bei ya gesi kwa kilowati-saa, na pampu iliyofungwa vizuri hutoa joto mara tatu au zaidi ya umeme iliokula, kwa hiyo bili zinakaribiana. Nyumba ya mama haikuwa na pa kuweka tangi, na hakutaka kupoteza kabati la shuka. Yenye uwanja mdogo nyuma na kabati tupu ingepata jibu tofauti, lakini ruzuku haipatikani upesi kwa mwenye boila iliyokufa jana, kwa sababu maombi na upimaji huchukua wiki kadhaa.

Kazi ya mama tuliifanya wiki ya mwisho ya Mei. Maji yaliyotoka kwenye redieta za juu yalikuwa meusi kwa saa nzima kabla hayajaanza kuwa ya chai, kisha meupe, na alimwita mjukuu wake aje aone kilichokuwa kikizunguka ukutani mwao. Bomba la gesi lilikuwa na kona moja zaidi ya tulizohesabu, ikaongeza pauni 40. Asilimia 10 aliyotenga ikaimeza, na zikabaki nyingine.

Baada ya wiki mbili cheti kikaja kwa posta, kile kinachothibitisha kwamba kazi imesajiliwa kwa mujibu wa kanuni za ujenzi. Lazima isajiliwe ndani ya siku 30. Akanipigia.

"Mwanangu, kuna karatasi imekuja, haina bei. Ni ya nini?"

"Siku ukiuza nyumba, mama, wakili wa mnunuzi ataitaka. Weka pamoja na hati ya nyumba."

"Na ile bahasha ya hesabu zetu?"

"Nayo weka humo humo."